Bolti Isiyo na Tundu

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi Nazario ni fundi mbishi. Nimefungua na kufunga pikipiki hapa Yoba, mjini Gitega, miaka kumi na mmoja, na mtu akija kunifundisha kazi yangu namwonyesha mlango, japo karakana yenyewe haina mlango. Kwa hiyo Emerensiana aliponiletea pikipiki yake ya zamani na kudai breki ya diski mbele, nilicheka.

Emerensiana anauza vitenge Bukirasazi. Wiki iliyopita breki yake ya dramu ilimgomea mteremkoni, akaishia kwenye shamba la mihogo la watu.

"Mi sitaki kufa, fundi," alisema. "Utoe vyote vya mbele. Shokapu, ringi, breki, vyote. Unitilie ya diski. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Nilisikia, ila nilikuwa na langu moyoni. Huku kwetu dereva mpya huambiwa neno moja na kila fundi: breki ya mbele usiiguse, itakurusha kichwa chini miguu juu. Mimi siishii kusema. Bolti inayoshika mpira wa mafuta pale kwenye breki ina tundu ndani, ili mafuta yapite. Naitoa, naweka isiyo na tundu. Mkono wa breki unakuwa mgumu, mteja anafurahi kwamba kitu ni imara, na gurudumu la mbele halishikwi na chochote. Sijawahi kumwambia mtu. Nilijiona nawaokoa.

Nikampigia Baguma, Mkongomani anayeuza vipuri vya pikipiki mbovu kule Muyinga. Baada ya siku mbili akanitumia shokapu mbili, ringi na breki ya diski, vimefungwa ndani ya gunia.

Asubuhi hiyo nilianza na breki. Nikafungua bolti ya mafuta, nikaitazama kwenye mwanga. Haikuwa na tundu. Nikacheka peke yangu. Kumbe hata Muyinga kuna fundi mwenye akili!

Halafu nikafungua shokapu ya kwanza. Juu ya springi kulikuwa na kipande cha bomba la aluminiamu, kimewekwa ili springi isilale ikibeba mzigo. Nikakifuta mafuta. Kilikuwa na rangi ya kijani na vitundu viwili vinavyotazamana.

Nikakitambua.

Hilo lilikuwa gongo la baba la kutembelea, alilopewa hospitali ya kambini Tanzania, na alilotembea nalo hadi tuliporudi Burundi. Alipofariki nililikata kwa msumeno, nikatia vipande kwenye shokapu za pikipiki moja tu duniani: ya mdogo wangu Manase, kabla hajahamia Buhinyuza kubeba abiria. Nikafungua shokapu ya pili. Kipande cha pili kilikuwemo.

Na bolti ile ilikuwa yangu.

Manase hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. "Pikipiki inadunda tu, kaka." Nikitaka kwenda kumsalimu ananizuia: mafuta hayapatikani, nauli imepanda, subiri kidogo. Mwaka mzima nimesubiri. Nikampigia huku vidole vimejaa grisi.

"Manase, pikipiki iko wapi?"

"Niko juu yake, kaka. Nimembeba mtu, nitakupigia."

Nyuma yake nilisikia kuku tu, wala si injini. Nilikuwa na shokapu zake mbele yangu na yeye ananiambia yuko juu yake!

Sikukusanya hata spana. Nikatia vile vipande viwili mfukoni, nikapanda taksi hadi Muyinga. Baguma nilimkuta kati ya fremu zake, na nilimkamata shati kabla ya salamu. Nilidhani ni mwizi, nikamuuliza zile shokapu kazitoa wapi.

"Uniache, bwana!" alipiga kelele. "Mi siko mwizi. Mwenyewe ndiye aliniuzishaka. Walimuleta ku baiskeli, maskini, mguu haiko."

"Mguu haiko vipi?"

"Walimukata. We uko nani yake?"

Shati lake nililiachia bila kujua. Barabara ya kwenda Buhinyuza siikumbuki.

Manase alikuwa uani, anapukuchua maharage na mkewe Vumilia. Mguu wa kulia wa suruali yake ulikuwa umefungwa fundo juu ya goti. Aliponiona alijaribu kusimama haraka, akashika tawi la mkaratusi alilochonga kuwa gongo, likateleza, Vumilia akamdaka. Nilitaka kulia na kumtukana kwa pamoja.

"Lini?" niliuliza.

"Mwaka jana, kaka. Nilikuwa na gunia mbili nyuma. Breki ya nyuma ilipata moto mteremkoni, ikaisha kabisa. Mkono ukaenda wenyewe mbele. Nikakamata." Akakunja ngumi kunionyesha. "Ngumu kama jiwe, na pikipiki inaenda tu. Chini kulikuwa na lori."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama maharage. Vumilia ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti.

"Fundi wa hapa aliifungua, shemeji, akatuonyesha bolti. Manase akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua itakuua."

Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa vile vipande viwili vya kijani, nikamwekea Manase kiganjani. Alivitambua mara moja. Akaviunganisha ncha kwa ncha, kama mtu anayepima kama vitafika kwapani, kisha akavishusha taratibu juu ya maharage.

"Basi hata breki yangu imekufikia, ili umfungie mtu mwingine," alisema. "Umeshamfungia?"

"Bado."

"Na Gitega, kaka? Miaka yote hii, umewafungia wangapi bolti ile?"

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikaanza kuwahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, kwa majina. Vidole vya mikono yote miwili vikaisha. Nikaanza tena upya, na Vumilia akaokota simu yangu vumbini, akanipa niwapigie niwaonye.