Nani Alimwachisha Ibtihal Dawa

Haya, tegua hili, mjukuu wangu: mwizi gani haingii kwa mlango wala dirisha, hana kishindo, na anayeibiwa huambiwa, "Mashallah, umenawiri"?

Umeshindwa? Ni presha ya mja mzito. Ilimwingia Ibtihal wa kisiwa cha Ndau, mimba ya miezi saba. Uso ukamjaa, majirani wakasifu. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, akabonyeza mguu wake. Kidole kikaacha shimo.

"Mama, kitwa chauma. Na mato yaona vimetameta."

Bi Hindu, mamavyaa wake aliyemzaa mumewe, akasukuma sinia kando. "Vaa buibui. Twende."

Zahanati ilikuwa kisiwa cha pili. Walipofika kwa boti ya abiria, wanawake walikuwa wamekaa sakafuni. Benchi lilivunjika zamani na hakuna aliyeulizia.

Daktari Kariuki alimfunga mkono ile mashine ya presha, akaisoma, akakunja uso.

"Dawa unakunywa?"

"Niliacha."

"Nani alikwambia uache?"

Ibtihal akatazama sakafu.

"Si nakuuliza? Nyinyi watu wa visiwani mnachosha! Presha hii inaua mama, inaua mtoto. Dawa ni kila siku, hata ukijisikia poa. Ama ni huyu mama na majani yake?"

Mmoja kwenye foleni akacheka.

Ibtihal alijua nani. Kliniki iliyopita, mlangoni hapo hapo, daktari huyu huyu alimwambia presha imeshuka na dawa ni chache, awaachie wenzake. Lakini boti ya kumpeleka hospitali kubwa haiji bila simu ya daktari huyo, na mtoto tumboni hakuwa akicheza kama jana.

Bi Hindu akamnong'oneza: "Nyamaa, mwanangu. Akikasirika atatuweka hapa mpaka jua lituwe." Kisha akapaza sauti. "Ni mimi, daktari. Mimi na ujinga wangu."

Bi Hindu huyo, aliyeinyima nyumba nzima chumvi kwa ajili ya mimba ile!

"Ndio hao!" Kariuki akawaambia wote. "Mwangalieni. Anataka kuzika mjukuu." Akamdunga Ibtihal sindano, ndipo akapiga simu.

Boti ilipofika, wanaume walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka gatini. Kariuki akafuata, bado anamsuta yule bibi mzee mbele ya wachukuzi na wauza samaki. Bi Hindu alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya buibui.

Walipomlaza botini, Ibtihal akainua kichwa, nacho kilikuwa kinapasuka.

"Daktari. Uliniuliza nani."

"Si nimeshajibiwa?"

"Mimi sijakujibu." Hakupaza sauti, lakini wauza samaki waligeuka. "Ni wewe. Mlangoni pako, Alawiya na Safaa, wenzangu wa foleni, wakisikia: 'Imeshuka, waachie wenzako dawa.' Ni wewe."