Kikohozi cha Mwalimu

Mke wangu amelea vijana wa kanisa tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Mungu hakutujalia watoto, akatujalia hawa, ambao kila Jumamosi hujaa sebuleni kwangu, husoma Biblia, humaliza sukari, kisha huondoka wakinibariki. Mimi ni seremala. Viti vyangu vyote vizuri vimevunjikia katika huduma.

Sikatai, mikononi mwake wametoka watu wa maana. Ila ana jambo moja. Kijana akifundisha, yeye hamkatizi, hukohoa. Akikohoa mara moja, umekosea, rudia. Akikohoa mara mbili, kaa chini umpishe mwenzako. Huo ndio anaouita upole.

"Mimi simgombezi mtu," husema. "Au siyo, Fundi?"

"Kabisa, mke wangu," hujibu, maana napenda amani nyumbani.

Juzi mchungaji akaja na neno. Magoti ya mke wangu yamechoka. Kama hakuna kijana wa kushika darasa, litafungwa. Mke wangu akakosa usingizi. Maisha yake yote yamo katika darasa hilo. Akamwambia mchungaji mrithi yupo: binti fundi cherehani tunayemwita Kimya, aliyempokea akiwa hawezi hata kutaja jina lake mbele za watu. Mchungaji akaahidi kuja Jumamosi kumsikiliza.

Jumamosi hiyo mke wangu akaamka na mafua, kifua kimembana.

Kimya akasimama, akafungua Biblia. "Bwana asifiwe."

Mke wangu akakohoa. Binti akashtuka, akatafuta kosa lake, akarudia: "Bwana asifiwe." Mke wangu akakohoa mara mbili. Kimya akaketi.

Akainuka kinyozi, kijana mwenye maneno mengi kuliko wateja. Hakumaliza hata salamu. Baada yake hakuna aliyethubutu kuinuka. Mchungaji akaangalia saa yake.

"Ni mafua!" mke wangu akapaza sauti. "Endeleeni jamani, ni mafua tu!"

Hakuna aliyemwamini. Walijua mwalimu wao ni mpole.

Nikamwendea nikamshika mkono. "Twende karakana."

"Nikitoka wataharibu."

"Na ulivyokaa wamefika wapi?"

Alinitazama kama niliyemtukana. Roho iliniuma, lakini sikumwachia mkono, na mwishowe akainuka. Karakana yangu imepakana na sebule, dirisha kwa dirisha. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikashika randa na kuanza kulainisha ubao ambao ulikuwa laini tangu jana, ili kelele zifunike kifua chake.

Ndani, Kimya akaanza tena. Kwanza sauti ilitetemeka, kisha ikakaa sawa. Akafika kwa manabii, akasema Elisha alipopaa mbinguni alimwachia Eliya vazi lake.

Mke wangu akaruka kutoka kwenye kigoda. "Kageuza majina! Mbele ya mchungaji!" Kifua kikajaa. Akaniangalia, akaliangalia dirisha, akajiziba mdomo kwa kitambaa mpaka machozi yakamtoka.

Ndipo ndani mtu akakohoa. Mara moja, kwa upole. Nilimtambua kinyozi.

Nikaacha randa. Mke wangu akafumba macho, nami nikajua anaomba.

"Kaka," tukasikia Kimya akisema, "kama ni mafua, nenda ukakae nje na mama. Kama nimekosea, fungua mdomo useme."

"Umegeuza majina, dada."

"Ahaa, kweli. Eliya ndiye aliyepaa, Elisha ndiye aliyebaki na vazi na kazi. Asante. Tuendelee."

Wakaendelea. Mchungaji akacheka, na hata mimi nikacheka, ila mke wangu aliketi taratibu, kitambaa mkononi.

"Nani kamfundisha kujibu hivyo?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Mwalimu wake ni wewe."

Kifua kilimshinda, akakohoa sana, bila kujiziba, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Dirisha lilikuwa wazi, na randa yangu ilikuwa imelala mezani. Ndani hakuna aliyenyamaza.