Bwana Mpira Hana Dada

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025. Asubuhi upepo wa kusini ulikuwa na ubaridi, na manyunyu yaligonga mabati ya wodi yetu tukiimba wimbo wa sala.

Nilisali kuliko kawaida. Siku hiyo Sista Kalolaine, mkuu wetu, angenitazama nikisafisha kidonda. Nikifaulu, nabaki hapa kisiwani kama muuguzi kamili. Nikishindwa, narudi shuleni mjini miezi sita, na watoto wangu wanabaki tena na bibi yao. Nina miaka arobaini na minne. Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, kwa vitabu vya binti yangu.

"Bwana," nilisema moyoni, "nipe mgonjwa mpole."

Wakamleta mgonjwa, amebebwa na wanaume wanne, kifudifudi. Alikuwa Isileli, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikuwa amekwenda kukamata kitoto cha nguruwe kwa ajili ya karamu ya kanisa, mama nguruwe akamng'ata tako.

Aliponiona akajifunika shuka kichwani. Mimi nikakimbilia nyuma ya pazia.

"Fusi! Mgonjwa yuko huku!" Sista akaita.

"Sista, huyo ni kaka yangu."

Wodi ikaangua kicheko. Kwetu Tonga kaka na dada hawakai hata chumba kimoja kutazama filamu, sembuse dada kumfunua kaka mahali pale.

"Shuleni walikufundisha nini kuhusu jambo hilo?"

"Tulijifunzia kwa Bwana Mpira, Sista." Ndivyo tulivyoliita lile sanamu la mpira la kujifunzia darasani. "Halii, halitoki damu, na halina dada."

Bibi Seini wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Sista hakucheka. Akamwita Lisiate, kijana niliyesoma naye. Darasani alikuwa wa kwanza kila mtihani, lakini sasa nilisikia vyombo vikigongana mkononi mwake.

Nikaligeuzia pazia mgongo. "Lisiate, unamkumbuka Bwana Mpira?"

"Dada Fusi, huyu ananguruma!"

"Mimi simjui huyo. Naongea habari za Bwana Mpira. Ameshachomwa ganzi?"

"Ameshachomwa."

"Basi mmwagie maji ya chumvi polepole. Tazama ndani kabisa. Kuna kitu?"

Akamwaga maji. Kisha: "Kuna kitambaa! Kipande cha suruali!"

"Usikivute kwa pupa. Kiloweshe kwanza, ndipo ukitoe. Vuta pumzi, ndugu yangu. Mungu yupo."

Baada ya muda sauti nzito ikatoka chini ya shuka: "Mwambieni huyo mama kwamba Bwana Mpira anashukuru sana. Na Bwana Mpira ana njaa."

Wodi ikacheka tena, na Lisiate naye akacheka, mikono imetulia. Nikadhani mambo yamekwisha.

"Umemwelekeza vizuri," Sista akaniambia. "Lakini nilipaswa kuiona mikono yako. Nimeusikia mdomo tu, na mdomo siuwekei sahihi."

Miezi sita! Nikawaza nitakavyowaambia watoto.

Bibi Seini akafunua shuka lake. "Mguu wangu wa sukari huu hapa, kidonda chake hakijasafishwa tangu jana. Mimi si kaka wa mtu. Ila ukiniumiza nitapiga yowe, mimi si mpira."

Sista akamtazama, akanitazama, akavuta kiti.

Nikanawa mikono, nikasali sala fupi kuliko zote. Bibi Seini alilalamika kwamba maji ni baridi, kwamba mimi ni mzee, kwamba kwaya ya kwetu inaimba kwa pua. Nikamjibu yote bila kuinua macho. Nilipofunga bendeji alikuwa anakoroma.

Sista aliinama akakagua kila upande. Kisha akatoa kalamu, akaegemeza karatasi yangu kwenye goti lake, akaweka sahihi. Nilisema "Asante, Yesu" kwa sauti kubwa, na ndugu wa wagonjwa waliojilaza mikekani chini ya vitanda wakaitikia "Amina".

Sista akasimama katikati ya wodi. Hapo ndipo alipocheka.

"Nisikilizeni nyote," akasema. "Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: mwezi ujao nikienda mjini nitaingia darasani kwao, na sitoki mpaka Bwana Mpira apate dada, shangazi, na jamaa wa kulala chini ya kitanda chake."