Matanga ya Kazi Newala

Meneja wa uwanja wa ndege wa Newala alikuwa Bwana Tolbert, lakini watu walimwita Bwana Kesho, maana ukimuuliza ndege inakuja lini, jibu lake ni hilo hilo. Mwaka 1956 kampuni ndogo ya ndege iliyomwajiri ilikuwa inakata roho, naye akaamua kupunguza gharama. Alipunguza nini? Watu wanane! Wafyekaji, wapakiaji mizigo, na Kasiani, ambaye miaka tisa alifukuza mbuzi uwanjani kabla ndege haijatua. Sababu iliyosomwa: abiria hawapo.

Hawapo! Walikuwepo tele, wameachwa juani Masasi na hapa Newala, kwa sababu kila safari viti vinne vya ndege vilikaliwa na madebe ya maji ya Bwana Kesho, yakija yamejaa, yakirudi matupu. Newala juu huku maji ni taabu. Wanawake hushuka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani. Mwenzetu maji yake yalipanda ndege! Akioga, yanayobaki anamwagilia maua. Wote walijua, ila nani amfunge paka kengele?

Kasiani alikuwa na uchungu kwelikweli. Kazi isiporudi, Jumatatu atapanda lori la kwenda kukata mkonge Lindi, amwache mkewe na Cecilia wao wa miezi miwili.

"Wanaokwenda huko kwa mwaka mmoja hurudi baada ya mitano, Baba Cecilia," mkewe alimwambia, na hakuwa anatania.

Ijumaa akaja Bwanali, fundi cherehani wa Masasi, Myao, mtani wake wa jadi. Hata hodi hakupiga.

"Nasikia mmefiwa na kazi, na mnazika bila mimi! Nyie Wamakonde mna choyo hata cha msiba?"

"Niache, Bwanali. Sina hamu."

"Nani kakuuliza hamu? Kesho anakuja mkurugenzi wa kampuni. Tunazika mbele yake."

Huku kwetu kila mtu anajua: msibani mtani hana adabu wala hana kosa. Huiga mwendo wa watu, hutaja kilichomuua marehemu, na maiti hainyanyuliwi mpaka apewe chake. Anayekasirika ndiye anayejiaibisha.

Basi Jumamosi mkurugenzi, Mwingereza mzee aliyekaa pwani mpaka Kiswahili kikamkaa, alishuka kwenye ndege akakuta wanawake wanalia, na mbele yake kitanda cha kamba kimefunikwa shuka.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Kazi yetu, bwana," Kasiani alijibu.

Hapo Bwanali akachomoka, kofia pana kichwani, debe kifuani, anatembea tumbo mbele, Bwana Kesho mtupu! Akalikalisha debe kwenye kigoda. "Karibu kiti cha dirishani, mpenzi. Kichefuchefu hakijakushika? Nyie abiria, kesho!" Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko.

"Mkamateni huyo!" Bwana Kesho alifoka, uso umemwiva.

"Mwacheni," alisema mkurugenzi. Akarudi ndani ya ndege, akafunua turubai lililofunika viti vinne vya nyuma. Akafungua debe moja, akachovya kidole, akaonja. "Tolbert, uliniandikia kwamba hii ni dawa."

Bwana Kesho akavua kofia.

"Marehemu ameuawa na kuoga!" Bwanali alitangaza. "Sasa mtani anataka chake."

"Unataka nini?"

"Wanane wangu. Nisipowapata, ndege hairuki." Akajilaza chali mbele ya magurudumu, mikono kifuani.

Mkurugenzi alicheka mpaka akafuta machozi. Wanane wakarudishwa kazini siku ile ile. Aliyepunguzwa akawa mmoja tu.

Ndege ya kurudi ilijaa abiria waliongoja wiki nzima, wamebana na vikapu vyao. Kiti hakikubaki hata kimoja, ikabidi Bwana Kesho akalie debe tupu kule nyuma. Kasiani alipokuja kufunga mlango, Bwana Kesho akamuuliza kwa unyonge, "Kasiani, miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Kwetu maneno hayo ni ya msibani, bwana. Ningeyasemaje kabla hujaua?"

Akafunga mlango, akaokota fimbo yake, akaenda kufukuza mbuzi.