Wali wa Hitima

Watu wa Quionga wakikuona unakula, hudhani wameuona na moyo wako.

Siku ya hitima ya mwanangu Abibo, jirani yangu Sumaia alileta sinia la wali wa nazi. Mwanawe Carimo ndiye aliyemchoma Abibo kisu katika ugomvi wa nyavu, na baadaye akahukumiwa miaka ishirini. Nilinawa, nikala matonge mawili. Chakula cha hitima hakirudishwi, hata akilete nani. Basi kijiji kizima kikatangaza: Wahida kasamehe!

Maneno yakamfika wakili wa Carimo, Hermínio, kijana mpole wa Pemba hii yetu ya bara, si ile ya kisiwani. Akaja kunieleza kwamba wamekata rufaa kwenye tribunali, ile mahakama kubwa ya Nampula. Majaji wa kule hawataita mashahidi upya wala kuuliza kama Carimo aliua, maana alikiri mwenyewe. Watasoma jalada tu, watazame kama adhabu ilipimwa sawasawa: yapi yalitiwa kwenye mizani, yapi yaliachwa.

"Msamaha wako uliachwa, mama," alisema. "Tribunali ikiukubali, huenda miaka ishirini ikawa kumi na sita. Nithibitishie tu."

Nikawaka. "Msamaha upi? Mie nilikula chakula tu! Kaandike hivyo."

Sumaia alikuwa uani kwake, anasikia kila neno. Wakili hakuandika kitu. Alifunga mkoba wake, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Jibu lilirudi baada ya mvua kwisha. Majaji waliona kwamba jaji wa kwanza alishapima yote, hata kule kukiri, na hakuna jipya la kupunguza adhabu. Ishirini ile ile.

Nilidhani nitafurahi, kumbe wapi! Nilikaa jikoni nikalia, na wala sijui nilikuwa namlilia nani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Sumaia naye mzazi. Tangu ile siku ya wakili hakuingia tena uani kwangu.

Nikakuna nazi. Nikapika wali, nikaubeba mwenyewe mpaka kwake. Sumaia alifunua kawa, akaniangalia kwa macho mekundu.

"Dada Wahida, hiki nacho ni chakula tu?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni ule msamaha alioutaka wakili. Umechelewa kuiva, dada."