Maji ya Kitabu

"Nawa kwanza," Chiku alimwambia mgeni wake, hata kabla ya kumkaribisha ndani.

Mtungi ulikuwa pale mlangoni na kata yake ya kifuu, kama marehemu Abasi alivyouacha. Sheria za nyumba ile alizitunga yeye, siku alipoliweka wakfu kasha lake la vitabu vilivyobebwa na msafara kutoka Kilwa. Kila aliye Songea na asome humo. Anawe mikono kwanza. Kitabu kisiuzwe, kisirithiwe, wala kisitoke nje ya mlango. Waliowahi kuzivunja sheria hizo ni mchwa peke yao. Abasi alipofariki, wazee wa msikiti walimwachia Chiku, mjane wake, ufunguo, maana alisoma kuliko wao, ingawa hilo hawakulitamka. Usimamizi wa wakfu waliubakiza kwa Mzee Kassimu.

"Shikamoo, mama," mgeni alisema, akijifuta mikono kwenye kaniki yake.

"Marahaba, Lukresia. Mtoto yuko wapi?"

Lukresia alikuwa Mngoni, Mkristo wa misheni, na kabla ya vita yeye na Chiku walichota maji kisima kimoja. Sasa mapadri walikuwa wamekimbia, mumewe hajulikani alipo, na mwanawe, jina lake Leo, alikuwa amelala na homa kwenye kibanda cha shambani, kule Mshangano, walikojificha watu wenye kuwaogopa askari.

"Habebeki, mama. Amebaki mifupa. Nimesikia ninyi mna dawa ya kuandika."

"Tunayo. Ila hunywewa hapa hapa."

"Basi hatakunywa," Lukresia alisema, wala hakulia. Askari walikuwa wamechoma vihenge vyote vya mahindi na mtama, watu wakawa wanachimba mizizi ya ming'oko porini, na ming'oko nayo ilikuwa imeanza kuadimika. Kulia kunataka nguvu.

Mzee Kassimu, aliyekuwa mkekani akisoma, alifunga kitabu chake. "Bibi Chiku, huyu si mwenzetu."

"Abasi alisema kila aliye Songea, baba. Hakusema kila aliye msikitini."

"Alisema pia kisitoke nje."

"Kitabu. Maji hakuyataja."

Mzee alikuna ndevu. Alipenda kubishana, lakini alijua pia pa kuishia. Akarudi kwenye kitabu chake akinung'unika kwamba mwanamke aliyesoma ni kesi isiyokwisha.

Chiku alitoa sahani nyeupe, akakoroga zafarani ya mwisho iliyokuwa imebaki nyumbani, akachovya kalamu ya mwanzi. Aliandika aya polepole, akianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, mpaka sahani ikajaa. Kisha akaimwagia maji. Herufi zikayeyuka, maji yakawa manjano. Akayatia kibuyuni, akaziba kwa gunzi.

"Mnyweshe kidogo kidogo. Na usimwage njiani."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Aliyekulia ndani ya jambo hudhani dunia nzima imekulia humo.

Habari zilifika kabla ya alasiri. Askari wa doria walimsimamisha Lukresia njiani, wakamwuliza kibuyuni mna nini. Alisema kweli. Alisema, "Maji." Maji gani? "Maji ya dawa."

Mwaka ule, neno hilo lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Wapiganaji walikuwa wamenyweshwa maji ya dawa ili risasi za Mdachi zigeuke maji, na hazikugeuka. Sasa kila aliyekutwa na kibuyu cha dawa alihesabiwa kuwa mganga wa vita. Lukresia alifungwa kamba akapelekwa bomani.

"Angesema kombe," Chiku alisema. Alikuwa ameketi kizingitini. "Shaushi, yule mkubwa wa doria, ni Mwislamu, amekunywa kombe tangu utotoni. Angesema kombe tu, wangemwacha apite."

"Angelijuaje neno hilo, Mkristo wa watu?" Mzee Kassimu aliuliza.

"Kwangu. Nilimpa maji, jina lake sikumpa."

Mzee alijisogeza karibu. "Nisikilize, mwanangu. Ukienda boma watauliza maji yametoka wapi. Kasha si lako wala si langu, limeshakuwa la Mungu. Mimi msimamizi nakukataza."

"Na wakimnyonga?"

Mzee alikipakata kitabu chake. Hakuwa mtu mbaya. Alivipenda vitabu vile kama wazee wengine wanavyopenda wajukuu, na moyo wake ulikuwa umejaa, hauna tena nafasi ya mtu mwingine.

Chiku alifunga sahani ndani ya kaniki akaenda.

Mdachi mkuu wa boma alikuwa kibarazani, kibuyu kiko mezani mbele yake, Lukresia amekaa chini juani. Chiku alieleza, shaushi akatafsiri. Hili ni kombe, bwana. Ni maneno ya Mungu, huandikwa kwenye sahani kama hii, yakaoshwa, mgonjwa akanywa. Halina vita ndani yake. Mtoto wa huyu mama ana homa.

Mdachi alikisukuma kile kibuyu. "Anywe yeye."

Chiku alipiga funda moja, akakishusha.

"Yote," Mdachi alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Akanywa yote. Lukresia alimtazama koo lake likipanda na kushuka, mpaka kibuyu kikawa kitupu. Chiku hakuwahi kumeza kitu kizito kama maji yale, kwa kuwa kila funda lilikuwa la Leo, na zafarani nyingine Songea nzima haikuwepo.

Mdachi akanena na shaushi. Shaushi alitafsiri akitazama viatu vyake. "Bwana anasema mwanamke aende zake. Vitabu vinavyotoa maji vichomwe."

Vilichomwa jioni ile mbele ya msikiti. Shaushi hakuwasha moto mwenyewe, alimwamuru mwingine. Mzee Kassimu alikaa mavumbini akivitaja vitabu kimoja kimoja kila kilipotupwa, na alipomaliza hakumtazama Chiku, wala siku zilizofuata hakumsemesha. Kasha waliliacha. Lilikuwa zito, na ndani hamkuwa na kitu.

Lukresia alifika Mshangano mikono mitupu. Mtoto Leo alizikwa wiki hiyo hiyo.

Chiku aliendelea kufungua mlango kila asubuhi. Alifagia, akajaza mtungi, akatandika mkeka. Watu walipita wakimhurumia kwa pembeni. Hata yeye hakujua anamfungulia nani, ila mikono ilikuwa imezoea ufunguo.

Siku moja alisikia kata ikigonga mtungi. Lukresia alikuwa mlangoni, amenyoa kichwa kwa msiba, ananawa. Alinawa polepole, kidole kwa kidole, akajifuta, akaingia na kukaa mkekani mbele ya kasha.

Chiku alianza kuomba radhi, akakatizwa.

"Mama," Lukresia alisema, "nifundishe lile neno."

"Lipi, mwanangu?"

"Nililokosa kulijua."

Chiku akainuka, akaleta ile sahani nyeupe na kalamu ya mwanzi. Wino haukuwepo. Alichovya kalamu kwenye maji matupu ya mtungi, akaandika, na Lukresia akainama upesi ili alione neno kabla halijakauka.