Miaka Miwili ya Juliana

Bernadina alipochoka na ndoa alikuja kwangu, kwa sababu Endasak nzima mimi ndiye mwanamke niliyeachika kwa karatasi. Wenzangu waliachika kwa kufukuzwa tu. Mimi nina muhuri.

"Shikamoo, mama Joakimu."

"Marahaba. Huo mkono wako unaelekea wapi, mbona umegeukia Masakta?"

Akacheka. Mkono wa kushoto uliunga vibaya tangu mumewe Gidahosh auvunje kwa mpini wa jembe. Mimi na yeye tulikuwa watu wa kucheka mambo ambayo si ya kuchekwa. Mume wangu alinitoa meno mawili, nikawaambia watu nimepunguza mzigo.

Nikamweleza nilivyofundishwa na njaa. Kwanza aende baraza la usuluhishi la kata. Watajaribu kuwapatanisha, wakishindwa watampa fomu, na bila fomu hiyo hakimu hamsikilizi. Halafu watoto.

"Mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa mama," nikamwambia. "Ni mumeo atakayetafuta maneno ya kueleza kwa nini asikae kwako."

"Isidori ana miwili," akasema. "Juliana alizaliwa zile mvua za El Nino, barabara ya Babati imekatika. Sita na nusu."

"Basi umepona."

Tulikuwa mwezi wa nane, mwaka 2004. Hakuna kati yetu aliyekumbuka mwezi wa kwanza.

Mwezi wa kwanza, Gidahosh alisema Juliana amefikia kuchunga ndama kwao Gendabi. Bernadina akaona njia moja tu: amwandikishe shule haraka, maana mtoto akishaingia kwenye rejesta ya mwalimu mkuu, baba hawezi kumtoa bila kuitwa na mtendaji. Ada ilikuwa imefutwa, watoto walijaa hadi madirishani. Lakini darasa la kwanza walitaka miaka saba, na asiye na cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo alipimwa kwa mkono: uupitishe juu ya kichwa, vidole viguse sikio la upande wa pili. Cheti hakikuwapo. Baba alikataa ubatizo, na kadi ya kliniki aliichoma siku moja ya hasira.

Mkono wa Juliana haukufika. Ndipo mimi, fundi wa vichekesho, nikakaa naye jikoni kwangu siku tatu. Inamisha shingo kidogo, mama. Vuta bega. Hivyo hivyo, kama kuku anayesikiliza mwewe. Siku ya nne aligusa sikio mbele ya mwalimu, na mwalimu akaandika: amezaliwa 1996. Tulirudi tunaimba.

Barazani Gidahosh aliitwa mara mbili hakuja. Mara ya tatu akaja na baba yake mdogo, wakakataa kupatana, fomu ikatoka. Mahakama ya mwanzo ikavunja ndoa bila shida. Mkono wenyewe ulitoa ushahidi. Isidori akabaki kwa mama, na baba akaamriwa kutoa matunzo yake kila mwezi. Ikaja zamu ya Juliana.

Gidahosh akasimama, akatoa barua ya mwalimu mkuu. Hakimu akaisoma, akawapa wazee wawili wa baraza waliokaa pembeni yake, kisha akavua miwani.

"Mama, hapa mtoto anakaribia minane. Wewe unasema sita."

"Ni sita, mheshimiwa. Shuleni niliongeza."

"Yaani uliidanganya shule."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ili asome."

"Na leo unataka abaki kwako. Nitajuaje kwamba leo si mahakama inayodanganywa?"

Bernadina akanitazama. Nikanyoosha mkono, nikaapishwa, nikaeleza yote: jikoni, shingo, bega. Sijawahi kusema kweli iliyonyooka namna ile. Nyuma yangu wakaanza kucheka.

Baba mdogo akainuka. "Mheshimiwa, huyu mama ndiye aliyetangaza gulioni kwamba mbuzi wa katekista amezaa pacha wenye kola. Watu walikwenda kuangalia!"

Hata karani alicheka. Ni kweli niliwatangazia. Sasa nikasema, "Kwa jina la Mungu, ninyi, hili ni la kweli!" wakacheka zaidi.

Hakimu alisema hana karatasi nyingine isipokuwa ile. Mtoto amepita saba. Mama amepanga chumba kimoja, kwa baba kuna maziwa na bibi wa kumtazama. Juliana aende kwa baba, na baba ahakikishe anasoma.

"Atasoma," baba mdogo akasema, na Gidahosh akatazama viatu vyake.

Karani akatuambia rufaa ni siku arobaini na tano. Nikamuuliza tupeleke nini huko. Akasema kitu chenye tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia zahanati kulikuwa na daftari la wazazi. Akasema nendeni mkaulize, ila madaftari ya mwaka ule wa mvua yalilowa, dada yake alikwama hivyo hivyo.

Nje, Gidahosh alikuwa amemnunulia mtoto soda. Juliana aliinywa yote kwanza, ndipo akamrudia mama yake.

"Mama, kwa bibi nitasema nina mingapi?"

"Sita," Bernadina akasema. "Sema sita, wasikupe ndama wakubwa."

Baba mdogo akamshika mkono. Walikwenda kwa miguu, njia ya Gendabi, mtoto akikimbia kidogo kila hatua chache ili awafikie. Isidori, mgongoni mwa mama yake, aliita jina la dada yake mpaka sauti ikakauka. Bernadina hakumnyamazisha. Alisimama pale pale barabarani, pikipiki zikimpigia honi, mpaka mimi nilipomvuta kwa ule mkono mzima.